Kuku wa Dola Tano na Bei Nyingine za Ajabu za Marekani

Maduka makubwa ya Costco yanauza kuku mzima, ameshaokwa na bado wa moto, kwa dola 4.99. Bei hiyo haijasogea tangu 2009. Kodi za nyumba zimepanda, mayai yamepanda yakashuka yakapanda tena, kuku yuko palepale. Nenda duka la jirani ukanunue kuku mbichi wa uzito uleule: mara nyingi utalipa zaidi, na hapo hujawasha jiko. Mgeni aliyeshuka juzi kutoka Dar au Mombasa atakuuliza swali la haki kabisa. Huyu kuku ana nini? Mgonjwa? Kalala?

Hana kitu. Ni chambo, na wenyewe hawafichi. Mwaka 2015 aliyekuwa mkuu wao wa fedha, Richard Galanti, aliwaeleza wawekezaji kwamba kampuni iko radhi kuacha faida ya dola milioni 30 hadi 40 kwa mwaka ili bei ya kuku isiguswe. Mwaka 2019 walianzisha kiwanda chao cha kuku huko Fremont, Nebraska, ili waimudu. Sasa angalia kuku mwenyewe wanamweka wapi: mwisho kabisa wa ghala, nyuma ya televisheni, matairi, mashuka na katoni za juisi. Kumfikia unapita vyote hivyo, na kurudi kwenye malipo unavipita tena. Na kabla ya yote hayo umeshatoa ada ya uanachama, dola 65 kwa mwaka tangu Septemba 2024.

Nimeanza na kuku kwa sababu wengi wetu tunapofika huku tunadhani punguzo ni bahati, au huruma ya mwenye duka. Karibu kila bei ya chini hapa ina mtu nyuma yake anayetaka kitu. Ama anataka wewe uingie dukani, ama anataka bidhaa itoke dukani kabla ya siku fulani. Ukishatambua ni lipi kati ya hayo mawili, unajua lini uchukue na lini upite.

Kwetu bei ni mazungumzo. Sokoni Karume, Dar, au Kongowea, Mombasa, muuzaji anataja bei akijua hutailipa, nawe unataja nusu ukijua hataikubali, mnakutana mahali fulani katikati. Ukiwahi asubuhi unamwomba akuuzie bei nzuri ili umfungulie biashara. Bei ikikwama kabisa unadai nyongeza, nyanya mbili juu ya fungu, na mnaachana kwa heri. Marekani nayo ilikuwa hivyo hadi katikati ya karne ya 19. Bidhaa haikuandikwa bei, na kila mteja alilipa kadiri ya ulimi wake. Wakristo wa dhehebu la Quaker walikuwa wameanza zamani kulipinga jambo hilo. Waliona kumtoza huyu hivi na yule vile kwa kitu kilekile ni udanganyifu. Lakini kilichomaliza kupatana bei hasa ni ukubwa wa maduka. A. T. Stewart, mhamiaji kutoka Ireland, alifungua jumba lake la biashara Broadway, New York, mwaka 1846. John Wanamaker akafuata Philadelphia miaka ya 1860 na 1870. Hawa walikuwa na makarani wengi mno wa kuwaachia kila mmoja apatane atakavyo. Karani wa mshahara mdogo, mali si yake, unamwaminije? Atampunguzia shangazi yake. Ikabandikwa bei moja kwa wote, na karani akabaki kazi ya kufunga mzigo.

Kupatana kukahamia kwenye kalenda. Bei ya huku haisikii ukiisemesha, ila itashuka yenyewe kama unajua siku.

Chakula kilichelewa kidogo. Hadi 1916 duka la vyakula la Marekani halikuwa na tofauti kubwa na duka la Mangi wa mtaani kwetu: kaunta, muuzaji nyuma yake, unga na sukari vinapimwa, wewe unaagiza kwa mdomo. Septemba mwaka huo Clarence Saunders akafungua Piggly Wiggly mjini Memphis, Tennessee, akamwachia mteja apite mwenyewe kati ya rafu akiwa na kikapu, kila kitu kikiwa kimeandikwa bei. Makarani wakapungua, na bei nazo zikapungua.

Ila anayenivutia mimi ni Michael Cullen. Alikuwa meneja wa kampuni ya maduka ya vyakula ya Kroger katika mji mdogo wa Herrin, Illinois. Mwaka 1930, Mdororo Mkuu ukiwa umeanza kubana watu, aliwaandikia wakubwa wake barua. Alitaka duka kubwa kupita yote yaliyokuwepo, pembeni ya mji ambako pango ni nafuu, lenye nafasi ya kuegesha magari. Akawapa na hesabu: bidhaa 300 ziuzwe kwa bei ileile ya kununulia, 200 kwa faida kiduchu, zilizobaki kwa faida ya kueleweka. Tangazo la gazetini lingezibeba zile za bei ya kununulia. Wateja wangefurika kwa ajili yake, na nani aliwahi kwenda dukani kununua sukari akatoka na sukari peke yake? Wakubwa wakaipuuza barua. Cullen akaacha kazi, akaenda New York, na Agosti 1930 akafungua duka aliloliita King Kullen ndani ya gereji iliyokuwa tupu, eneo la Jamaica, Queens. Kuna wanaolihesabu kuwa supamaketi ya kwanza. Alipofariki mwaka 1936 alikuwa na matawi zaidi ya kumi.

Lile gazeti la matangazo linaloangukia kwenye sanduku lako la barua, au siku hizi ndani ya programu ya simu, ni barua ya Cullen inayoendelea kuandikwa. Lisome hivyo. Katika maduka mengi wiki ya bei huanza Jumatano. Ukurasa wa kwanza ndio wenye chambo. Kurasa za ndani mara nyingi ni bei za kila siku zilizopakwa rangi nyekundu, na ule mtindo wa "10 kwa dola 10" kwa kawaida haukulazimishi ununue kumi. Chukua mbili, ulipe dola mbili, ila soma maandishi madogo kwanza.

Kalenda ya mwaka nayo ina chambo zake. Novemba, kwa sababu ya sikukuu ya Thanksgiving, bata mzinga aliyegandishwa huuzwa kwa bei ya kununulia au chini ya hapo, na maduka mengine humtoa bure ukifikisha matumizi fulani. Waafrika wengi hatumpendi, tunasema nyama yake kavu. Ni kavu kwa sababu wenyeji wanamwoka mzima mzima. Mkate vipande, mchemshe kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, mkaange kidogo, ndipo umtie kwenye mchuzi wa nazi. Hakuna atakayekuuliza ni nyama gani. Desemba bei inarudi ilikokuwa, kwa hiyo mwenye friza ndiye mwenye faida. Chokoleti za Wapendanao hushuka tarehe 15 Februari. Za Pasaka hushuka Jumatatu. Hapo duka halikuvuti tena uingie, linataka rafu iwe tupu kabla ya sikukuu inayofuata.

Mimi huingia kwa ajili ya chambo, nikachukua chambo, nikatoka. Wenye maduka wanatujua watu wa namna hiyo na hawatupendi, lakini biashara yao inakwenda kwa sababu tuko wachache.

Tarehe zilizochapwa kwenye vyakula ndizo zinazotupotezea pesa nyingi zaidi, na hapo lazima nieleze polepole. Watu wazima na akili zao wanatupa maziwa saa sita usiku eti tarehe imefika. Sheria ya shirikisho ya Marekani inalazimisha tarehe kwenye bidhaa moja tu ya chakula, nayo ni maziwa ya unga ya watoto wachanga. Hayo yakipita tarehe, usiyaguse. Kwingine kote tarehe huwekwa na mtengenezaji kwa hiari yake au kwa sheria ya jimbo, na kwa kawaida inazungumzia ubora: lini chipsi zitaanza kulegea, lini mtindi utazidi uchachu. Tarehe ya "uza kabla ya" haikuhusu kabisa. Hiyo ni ya mfanyakazi anayepanga rafu. Wizara ya Kilimo ilishauri mwaka 2016 yatumike maneno ya aina moja kuondoa mkanganyiko, na California imepitisha sheria inayopiga marufuku maneno ya "uza kabla ya" yanayosomwa na mteja, kuanzia Julai 2026.

Walioko Uingereza wasinifuate hapo. Kwao "tumia kabla ya" ni suala la usalama, na duka likiuza chakula kilichopita tarehe hiyo linavunja sheria. Ile ya "bora kabla ya" ndiyo ya ladha.

Sasa, duka linajua mteja anaogopa tarehe, kwa hiyo siku moja au mbili kabla linabandika stika ya punguzo. Hapo ndipo nyama ya ng'ombe inapopatikana nusu bei, ukaigawa kwenye mifuko na kuigandisha siku hiyohiyo. Maduka mengi hubandika nyama asubuhi na mkate jioni, ila kila tawi lina ratiba yake. Na hapa mdomo unarudi kazini. Mfuate yule wa bucha, msalimie kwanza, muulize hali, kisha ndipo umuulize huwa anabandika saa ngapi. Hana mamlaka ya kukupunguzia hata senti. Atakwambia saa, na saa ndiyo bei.

Vipo vitu visivyongoja stika. Bizari, iliki, mdalasini, maharage na mchele wa gunia vinapatikana kwa bei ya maana kwenye maduka ya Wahindi, Wamexico na Waarabu; ile chupa ndogo ya iliki ya supamaketi ni dhuluma. Ukiwa kwa Wamexico uwe macho na unga. Ule uitwao masa harina unatokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, na ugali wake utakuwa na ladha ya chapati za kwao. Tafuta unga mweupe wa mahindi usiopitia chokaa. Mkia wa ng'ombe nao zamani ulikuwa nyama ya wasionacho. Baadaye ukagunduliwa na wapishi wa mahoteli, na leo ni wa kutazama kwa macho. Matumbo bado hawajayagundua. Tunyamaze.

Aldi tuwapitie haraka. Ni Wajerumani wa mji wa Essen, ndugu wawili wa ukoo wa Albrecht walioendeleza duka la mama yao baada ya vita, na Marekani waliingilia Iowa mwaka 1976. Bei yao ya chini haina siku. Wana bidhaa chache, nyingi za jina lao wenyewe, zimeachwa ndani ya katoni zilizokuja nazo, na toroli unalikomboa kwa sarafu ya senti 25 ili ulirudishe mwenyewe, wasilipe mtu wa kuyakusanya.

Nguo na samani zilizotumika zina kalenda nyingine, na hiyo ilianzia kanisani. Mwaka 1902 mchungaji wa Kimethodisti, Edgar Helms, alikuwa akiwahudumia wahamiaji maskini wa South End, Boston. Akawa anapita na magunia kwenye mitaa ya wenye nacho, anakusanya nguo na viatu vilivyochoka, kisha anawalipa wasio na kazi wavishone na kuvitengeneza. Vikishapata uhai vinauzwa kwa senti chache kwa majirani haohao. Jina la Goodwill, ambalo maduka hayo yanalitumia hadi leo, lilikuja baadaye, kutoka kwa wenzake wa Brooklyn. Mwaka 1917 serikali ikaongeza msukumo bila kukusudia: anayetoa kwa shirika la hisani akaruhusiwa kuondoa thamani ya mchango wake kwenye mapato yanayotozwa kodi. Ndiyo maana wiki ya mwisho ya Desemba utaona magari yamepanga foleni nyuma ya Goodwill. Watu wanatafuta risiti kabla ya tarehe 31. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba Januari rafu hujaa.

Ndani ya duka, bei huendeshwa na rangi. Katika matawi mengi, kila wiki bidhaa mpya hubandikwa lebo ya rangi moja, na baada ya wiki kadhaa rangi ile ikiwa bado ipo hutangazwa nusu bei. Sema umependa koti la baridi lenye lebo ya kijani na wiki hii ni zamu ya bluu. Ulipe yote leo, au urudi wiki ijayo ukiomba asipite mtu mwenye mabega kama yako? Huko ndiko kupatana bei kwa Kimarekani. Unapatana na wateja wenzako, nao hawana habari.

Kisichonunuliwa hata kwa nusu hupelekwa kwenye maduka ya mwisho, ambako kila kitu kinauzwa kwa uzito. Hakuna henga wala saizi. Wafanyakazi wanasukuma meza ndefu zenye mabeseni ya plastiki, yamejaa nguo, vikombe, nyaya na vitabu vilivyochanganyika. Wateja wanasimama nyuma ya mstari, mikono chini, wengine wamevaa glovu. Ruhusa ikitolewa mikono inazama yote kwa pamoja. Sijaona mahali pengine Marekani panapofanana hivyo na soko la Gikomba, Nairobi, siku belo la mitumba linapofunguliwa, isipokuwa kelele. Hapa wanachambua kimya.

Usitarajie kukuta saa ya dhahabu. Tangu 1999 Goodwill wana tovuti ya mnada, na vito, saa na magitaa ya zamani huishia huko kabla hayajaona rafu. Gikomba wanaelewa mara moja: wa kwanza kwenye belo anaondoka na nguo za kamera, yaani zile bora kabisa, wewe wa saa sita mchana unachambua yaliyobaki. Tena si kila duka la vitu vilivyotumika ni la hisani. Savers na Value Village ni kampuni ya faida. Inanunua kwa uzito michango inayokusanywa na mashirika, na hisa zake zinauzwa New York tangu 2023. Hakuna ubaya, ila usilipe bei ya juu ukidhani unatoa sadaka.

Baada ya mizani, safari inaelekea kwetu. Nguo zilizoshindikana huuzwa kwa wachambuzi, wengine hapahapa na Kanada, wengine Pakistan au Falme za Kiarabu. Zinapangwa kwa aina, jinzi mbali, blauzi mbali, nguo za watoto mbali, zinabanwa kwa mashine, na belo la kilo 45 linashuka Mombasa au Dar es Salaam. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuimaliza mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vya nguo vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, serikali ikatishia kuziondoa nchi zilizohusika kwenye AGOA, mpango uliosamehe ushuru bidhaa za Afrika. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa Marekani. Yaani jaketi uliloliacha kwa kuwa lebo yake haijafika zamu lilikuwa na watetezi Washington.

Kwa anayerudi likizo hesabu hiyo inachekesha. Masanduku mawili ya kilo 23, umejaza viatu na majaketi uliyoyawinda miezi mingi. Unafika, shemeji anakutazama kwa huruma na kukuonyesha lilelile, kalinunua Karume chini ya bei yako, limefuliwa na kupigwa pasi. Mitumba tuiache ijipeleke yenyewe. Nafasi ya sanduku ibebe kisichofungwa kwenye belo: miwani ya kusomea ya mzee, vifaa vya fundi, vitabu vya shule.

Anayetamani kupatana kwa sauti asikate tamaa. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, Jumamosi asubuhi, watu huanika vitu vyao mbele ya nyumba na kuviuza, na pale hakuna karani wala lebo ya rangi. Saa mbili asubuhi utachagua vizuri na kulipa walichoandika. Saa saba mchana mwenye nyumba anatazama kabati lake, anawaza kulirudisha ndani peke yake, na bei utakayomtajia ataikubali. Miji ya wanafunzi ni bora zaidi. Boston, mikataba mingi ya nyumba hubadilika siku moja, tarehe 1 Septemba, na mtaa wa Allston hujaa meza, taa na makochi yaliyoachwa barabarani bure kabisa, hata wenyeji wameipa siku hiyo jina la Krismasi ya Allston. Nenda na gari, na tochi. Mulika kwenye mishono ya kochi na kwenye matundu ya skrubu ya kitanda. Ukiona vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, hao ni kunguni, achana nalo. Meza ya chuma au ya mbao tupu chukua tu, ukaifute kwa maji moto. Godoro usibebe, hata kama bado liko kwenye nailoni.